Nduli Ana Kwao: Koboko, Arua na Utawala wa Idi Amin

Sisi tuliokulia Tanzania tulilizoea neno "nduli" kabla hatujajua maana yake. Lilikuwa neno la wazee, limelala. Vita vya mwaka 1978 vikaliamsha, redio ikalirudia asubuhi na jioni, likamganda mtu mmoja mpaka leo. Nduli Idi Amin. Hata waliozaliwa miaka ishirini baada ya vita walilikuta bado zima, mithili ya jina la ukoo.

Lakini nduli naye ana kwao. Kwao ni Koboko, pembe ya kaskazini magharibi ya Uganda, ambako mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo inakutana mahali panapoitwa Salia Musala. Ni nchi ya Wakakwa, na mipaka hiyo imewagawa Wakakwa mafungu matatu: shangazi yuko Yei, Sudan Kusini, mjomba yuko ng'ambo ya Kongo, nyumba iko Uganda. Sokoni Koboko nilimwona mama mmoja muuza samaki wakavu akipokea shilingi za Uganda, faranga za Kongo na pauni za Sudan Kusini katika beseni moja, akirudisha chenji bila kusita na kubadili lugha kwa kila mteja: Kikakwa, Kilugbara, Kilingala, Kiarabu cha Juba, na zamu yangu ilipofika, Kiswahili. Aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, alinyamaza, akageuza samaki wawili watatu, kisha akasema, "Nyinyi ndio mlikuja na saba saba, mwanangu." Saba saba ni jina ambalo Waganda waliipa mizinga ya roketi ya jeshi letu. Halafu akaongeza, "Lakini nyinyi hamkutuua."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Ndani yake kuna swali ambalo vitabu vingi juu ya Amin vinalipita mbio: utawala ule ulikuwa wa nani, na nani aliulipia?

Jibu la mitaani Kampala kwa miaka mingi lilikuwa jepesi. Ulikuwa utawala wa watu wa West Nile, yaani eneo la Koboko na Arua. Ukishuka kwenye basi pale Arua Park, sura yako na lafudhi yako vilikushtaki kabla hujafungua kinywa. Jibu hilo si kweli. Na uongo wake uliwaua watu.

Tuanze na nchi yenyewe, kwa sababu bila nchi Amin haeleweki. Eneo hili halikuwa Uganda mwanzoni. Lilikuwa sehemu ya Lado, kipande ambacho mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipewa na Waingereza akitawale maadamu yu hai. Leopold alikufa Desemba 1909. Mwaka uliofuata Lado ikaingia Sudan, na mwaka 1914 upande wake wa kusini ukahamishiwa Uganda. Mwaka huohuo Waingereza wakajenga boma Arua. Katika kizazi kimoja mkulima yuleyule, bila kuhama shamba lake, alikuwa mtu wa Leopold, kisha wa Khartoum, kisha wa Entebbe. Na Entebbe haikumtaka kwa pamba wala kahawa. Ilimtaka kwa mikono yake. West Nile ikawa ghala la vibarua wa mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na ghala la askari.

Kabla ya hapo njia ya jeshi ilikuwa imekwisha kufunguliwa na Wanubi. Hao ni wazao wa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, waliokwama kusini baada ya vita vya Mahdi kukata njia ya Misri. Lugard aliwachukua mwaka 1891 kando ya Ziwa Albert akawafanya nguzo ya dola ya Waingereza Uganda. Wanubi walikuwa kabila la kuingia, si la kuzaliwa tu: Mkakwa, Mlugbara au Mmadi aliyesilimu, akajifunza Kinubi na kuvaa sare, aliweza kuwa Mnubi, na watoto wake wakazaliwa Wanubi. Mlango huo wazi ndio ufunguo wa utawala wa Amin. Waliomzunguka baadaye hawakuwa "Wakakwa" kwa hesabu ya damu. Walikuwa watu wa kambi.

Amin alizaliwa karibu mwaka 1925. Wengine husema 1928. Wengine husema Koboko, wengine Kampala. Baba alikuwa Mkakwa, mama Mlugbara. Juu ya jina Dada, wasomaji wa Kiswahili wamelishwa hadithi kwamba alinaswa na wanawake hemani akajitetea kuwa ni dada zake. Ni porojo ya kambini. Watu wa ukoo wanasema ni jina la nyumbani, nami naliamini neno lao kuliko la waliokuwa wakitafuta kichekesho.

Mwaka 1946 aliingia Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akiwa msaidizi wa mpishi. Akapelekwa Kenya, akapigana na Mau Mau, akawa bingwa wa ndondi wa Uganda kwa karibu miaka kumi. Mwaka 1959 akawa efendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliruhusiwa kukifikia, na mwaka 1961, uhuru ukibisha hodi, Waingereza walimpa uluteni yeye na Shaban Opolot, Waganda wawili wa kwanza kuwa maofisa kamili. Walijua walichokuwa wanakifanya. Mwaka 1962 askari waliokuwa chini yake waliwatesa na kuwaua wafugaji huko Turkana, na wakuu wa Kenya walitaka ashtakiwe. Uhuru ulikuwa karibu mno kwa kesi ya mmoja wa maofisa wawili weusi. Faili likafungwa.

Milton Obote, waziri mkuu wa Uganda huru, naye akamtumia. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alipouliza bungeni kuhusu dhahabu na fedha za Kongo zilizopita kwenye akaunti ya Amin, Obote alijibu kwa kuwakamata mawaziri wake watano na kumpandisha Amin. Tarehe 24 Mei mwaka huo Amin aliongoza shambulio dhidi ya kasri la Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, pale Mengo. Mutesa akaruka ukuta na kufia London mwaka 1969. Kwa hiyo yule aliyekuja kuitwa adui wa katiba alifundishwa kuivunja na fundi mkuu wa mchezo huo, Obote mwenyewe.

Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi likatwaa nchi. Hapa naomba msomaji atulie. Nani walicheza ngoma barabarani siku ile? Walikuwa watu wa Kampala. Baganda walishangilia kuondoka kwa mtu aliyemfukuza Kabaka wao, na Amin akawarudishia maiti ya Mutesa miezi miwili baadaye. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuitambua serikali yake. Koboko ilikuwa mbali na yote hayo, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara na Mto Nile katikati.

Yaliyofuata yanajulikana, na kujulikana kwake kusitufanye tuyapite kama orodha. Katika mwaka wa kwanza tu askari wa Kiacholi na Kilango walichinjwa kambini kwa mamia na mamia, kwa kosa la kutoka kaskazini alikotoka Obote. Agosti 1972 Waasia walipewa siku 90. Zaidi ya watu 50,000 wakaondoka, na maduka yao yakagawiwa watu ambao lugha ya mtaani iliwaita mafuta mingi. Septemba ya mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya mahakama yake, hakurudi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, redio ikatangaza ajali ya gari. Makadirio ya waliouawa katika miaka minane yanaanzia 80,000, yanapita 300,000, na wengine hutaja 500,000. Pengo kati ya tarakimu hizo ni shitaka tosha: dola ile haikuhesabu maiti zake.

Na waliofanya kazi hiyo katika vituo vya mateso vya Nakasero na Naguru, Kampala, wengi wao walitoka katika mzunguko wa Wanubi, Wakakwa, askari kutoka kusini mwa Sudan na Zaire, Kongo ya leo. Hili halifichiki na halifai kufichwa. Mtu wa Koboko anayesema leo kwamba yote yalikuwa propaganda ya Wazungu anawanyang'anya wajane wa Kitgum na Lira, kwa Waacholi na Walango, kilio chao.

Ila utawala wa mtu wa kwetu si utawala wetu. Mwaka 1974 unalionyesha jambo hili kuliko mwaka mwingine wowote, na nashangaa jinsi unavyotajwa kwa haraka. Mwanzoni mwa Machi, Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wiki chache tu kabla, alikamatwa Kampala alipokuwa amempeleka mtoto wake shule. Maiti yake ilipatikana mtoni. Tarehe 23 ya mwezi huohuo Brigedia Charles Arube aliinua vifaru usiku dhidi ya rais. Arube alikuwa Mkakwa, wa kwao Amin. Moja ya malalamiko yake lilikuwa kwamba wageni waliokuwa hawana uchungu na nchi walikuwa wamepewa jeshi na wanaua ovyo. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekufa kwa risasi. Siku chache baadaye Amin akawataliki wake zake watatu kwa mkupuo, mmoja wao Kay Adroa, Mlugbara, binti wa mchungaji wa Kianglikana. Agosti mwili wa Kay ulikutwa ndani ya gari, umekatwa vipande.

Waziri Mlugbara, brigedia Mkakwa, mke Mlugbara: wote ndani ya miezi sita. Maofisa wengi wa Kilugbara waliondolewa jeshini baada ya hapo, wengine kimyakimya, wengine milele. Kama huu ulikuwa utawala wa West Nile, basi ulianza kujila wenyewe mapema.

Faida je? Mtu aliyetawala miaka minane, akajivika cheo cha Field Marshal na urais wa maisha, akajiita mshindi wa dola ya Uingereza na mfalme wa Scotland, hakuweka lami kwenye barabara ya kwenda kwao. Lami ya kutoka Arua kupitia Koboko hadi mpakani Oraba imewekwa karne hii. Umeme wa gridi ya taifa ulibaki hadithi West Nile kwa miongo mingi; watu wa Arua waliishi kwa jenereta. Chuo kikuu cha serikali, Muni, kilianza mwaka 2013. Vijana walioondoka Koboko na kurudi na Mercedes mwaka 1975 walikuwepo, na wazee wanawakumbuka. Lakini gari la mtu mmoja si zahanati.

Ndipo vikaja vita vya Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania hadi Mto Kagera. Mwalimu Nyerere akasema tuna uwezo, sababu na nia ya kumpiga, na tunayajua yaliyobaki. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Amin akakimbilia Libya na hatimaye Saudi Arabia. Mwanzoni mwa Juni jeshi letu lilifika mpaka wa Sudan, na vita vikahesabiwa vimekwisha.

Yule mama wa samaki wakati huo alikuwa msichana. Familia yake ilikimbia na kuku na magodoro kabla Watanzania hawajafika, wakilala porini wakingoja kisasi. Kisasi hakikuja. Askari walipiga kambi, wakanunua mihogo kwa pesa, wakaita watu "ndugu". Kwa Waganda neno hilo lilikuwa mshtuko. Kiswahili walichokijua kilikuwa cha kizuizini: shuka, toa, lala chini. Kumbe lugha ileile ilikuwa na adabu. Watu wakarudi, wakapanda.

Wakati Watanzania walipoanza kuondoka mwaka 1980, ndipo deni lilipodaiwa. Oktoba ya mwaka huo askari wa zamani wa Amin waliingia kutoka Sudan na Zaire wakateka Koboko na Arua kwa siku chache. Jeshi jipya la taifa, lililojaa vijana wa Kiacholi na Kilango waliofiwa na baba na kaka zao mwaka 1971, lilirudi kwa hasira isiyochagua. Nyumba zikachomwa kijiji kwa kijiji. Arua ikabaki magofu. Mamia ya maelfu ya watu wakavuka mipaka. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliingia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, ambako raia walikuwa wamejificha kwa mapadre wakiamini msalaba utaheshimiwa. Waliouawa walikaribia 100, wanawake na watoto wakiwemo. Makaburi yao yako palepale.

Sijui Watanzania wangapi wamewahi kusikia jina Ombaci. Mimi nilifika utu uzima bila kulisikia, ingawa nilifundishwa tarehe zote za Kagera. Tulifundishwa vita vilivyoisha kwa ushindi, kitabu kikafungwa Juni 1979. Kwa Koboko, Juni 1979 ni ukurasa wa katikati.

Na wakimbizi wale waliacha alama ambayo dunia inaitumia bila kujua ilikotoka. Barbara Harrell-Bond, mwanaanthropolojia aliyekuwa Oxford, aliishi nao katika wilaya ya Yei mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaona jinsi misaada ilivyowafanya watu wazima kuwa watoto wa foleni. Kitabu alichokiandika mwaka 1986, Imposing Aid, ni miongoni mwa nguzo za taaluma nzima ya masomo ya wakimbizi. Taaluma hiyo ilijengwa juu ya mateso ya watu wa Arua na Koboko.

Kuna mfalme wa zamani anayenisaidia kufikiri juu ya haya yote. Pedro wa Castilla, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uhispania, alirithi ufalme mwaka 1350 akiwa kijana wa miaka kumi na tano. Aliua ndugu, aliua wakuu, akauawa mwenyewe Montiel mwaka 1369 na Enrique, ndugu yake wa baba mmoja, aliyekalia kiti chake. Historia inamwita Pedro Mkatili. Wachache walimwita Pedro Mtenda Haki. Habari zake nyingi tunazo kwa kalamu ya Pero López de Ayala, aliyemtumikia Pedro kisha akahamia upande wa Enrique. Hapo namkumbuka Henry Kyemba, waziri wa afya wa Amin, aliyetoroka mwaka 1977 na kuandika A State of Blood, kitabu ambacho kila aliyemwandika Amin baadaye amekichota. Ayala hakuwa mwongo, na Kyemba hakuwa mwongo. Aliyekuwa ndani ameona ambayo wa nje hawakuona. Ila aliyetoka ndani ya nyumba ya damu ana sababu ya kuiweka damu yote mikononi mwa mwenye nyumba. Pedro alibeba dhambi za Castilla nzima. Amin amebebeshwa dhambi za Waingereza waliomfuga, za Obote aliyemfundisha, za mafuta mingi waliochukua maduka wakiwa wa kila kabila, na za majirani waliochongeana kwa ajili ya shamba. Ya kwake peke yake yanatosha kumhukumu. Tukimrundikia ya wengine tunawasafisha wengine.

Ndiyo maana nilifurahi makasha ya picha yalipofunguliwa. Katika jengo la shirika la utangazaji la Uganda, UBC, zilipatikana negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi za miaka ya Amin, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa Jumba la Makumbusho la Uganda. Zinaonyesha umati, sherehe, rais akipiga kodiani, wafanyabiashara wakisubiri hukumu ya "magendo". Nyuso za wanaotazama ndizo zilizonishika. Utawala wa mtu mmoja hauna watazamaji wengi hivyo.

Hata Kiswahili chetu kiliguswa. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, akitaka kuwazima wanaodai Kiganda. Nusu karne Waganda wengi walikisusa kwa sababu kiliingia nyumbani na mtutu wa bunduki. Baraza la mawaziri lilipopitisha mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, pingamizi lilikuwa lilelile. West Nile hawakuwa na shida hiyo. Kwao ni lugha ya babu aliyetoka Keya, na ya sokoni.

Amin alikufa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa hukohuko. Mwaka uliotangulia, mkesha wa Krismasi, waasi wa mwisho wa West Nile walikuwa wamesaini amani na serikali mjini Yumbe. Koboko ikawa wilaya yake mwaka 2005. Kisha Julai 2016 vita vikalipuka upya Juba na kusambaa hadi Yei, na barabara ileile ya 1980 ikajaa watu, safari hii wakija upande wa Uganda. Kambi ya wakimbizi ya Bidibidi, katika wilaya ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa na zaidi ya watu 250,000. Wengi wengine hawakwenda kambini. Walikwenda Koboko, kwa ndugu.

Mama wa samaki hakuwa peke yake pale kwenye kibanda. Pembeni yake alikaa mwanamke mwingine, kitambaa cheusi kichwani, akipanga samaki mafungu mafungu kwenye gunia. Nikadhani ni binti yake. "Huyu ni wa Yei," akaniambia. "Mama yake ndiye alitupa shamba tulipokimbia. Sisi tulikuwa tisa, wao walikuwa na nyumba mbili, wakatupa moja." Akasema naye maneno machache ya Kikakwa, mwanamke yule akacheka, akanichagulia samaki mkubwa, akakataa niongeze pesa.